Mkwe na Mfuko wa Pumzi

Vijana wa leo wakisikia mashine ya kupumulia wanadhani miaka ya sabini tulikuwa nazo kila wodi. Wapi! Hospitali yetu ya Iringa ilikuwa na moja, nayo ilishakufa kabla sijaanza uuguzi. Tulikuwa na mfuko wa mpira wa kubinya kwa mkono, umeunganishwa na mrija ulioingia kooni mwa mgonjwa. Ndugu walibinya kwa zamu, mimi nikiwasimamia.

Yule kijana mpasua mbao wa Mafinga aliletwa na nimonia mbaya, pumzi haivutiki. Mke wake alibinya mpaka vidole vikavimba. Kisha baba mkwe akafika kutoka Tukuyu, balaa likaanza. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja. Mzee akikohoa tu mlangoni, binti anajifunika khanga, anatokea mlango wa nyuma, mfuko kauacha juu ya mto!

“Wee mama, unataka kumuua mumeo?” nilimfokea. Mimi Mhehe, mambo hayo yalinishinda.

“Nisamehe, sista. Siwezi.”

Basi kazi yangu ikawa kukimbilia ule mfuko. Siku moja nikachelewa, nikakuta kifua kinapanda chenyewe. Kidogo, lakini kinapanda. Jamani, nilipiga kelele wodi nzima ikageuka! Daktari akasema tuanze kumwachisha mfuko: tuache kubinya kwa muda mfupi, tumwangalie, akichoka tumsaidie, kesho tuongeze muda. Mzee akiwa ndani, binti alisimama nje ya dirisha akiuliza, “Amevuta?” Nami najibu, “Amevuta.”

Lakini hakuna tulichoongeza. Kila siku alichoka mapema kuliko jana. Midomo inakuwa ya kijivu, jasho linamtoka, macho yananiomba nirudishe mfuko. Nilirudisha. Daktari akasema tujaribu tena kesho, nikatamani kumrushia beseni. Dirishani niliendelea kusema “Amevuta”, maana ningesema nini?

Asubuhi ya mwisho zamu ilikuwa ya mzee. Alibinya taratibu, kichwa kimeinama. Kifua kilipanda kwa nguvu ya mkono wake, kikashuka. Nikasikiliza moyo, nikahamisha kipimo, nikasikiliza tena. Kimya.

“Baba, inatosha,” nikamwambia.

Hakuacha kubinya. Nje sauti ikauliza, “Amevuta?”

Nilivua kipimo masikioni. Akauliza tena, kwa sauti ya juu, kisha nikasikia ndala zake zinakimbia barazani.

Mlango ukafunguka. Binti akaingia kichwa wazi, khanga inaburuta chini, akasimama mbele ya baba mkwe wake. Wakatazamana. Mzee hakugeuza uso. Aliuachia mfuko, akainuka kwenye kigoda chake, akamsogezea.

“Kaa, mwanangu,” akasema.

Akakaa. Mfuko ulikuwa juu ya mto, na sikukimbia kuushika.