Kibali cha Kuliona Paa la Shangazi

Shangazi yangu hakutaka droni. Alitaka wakwe waone paa. Droni ilikuja kwa sababu paa lenyewe, baada ya kumaliza akiba yake ya miaka ya kuuza mawese pale Ujiji, lilikuwa halionekani.

Nianzie masika. Upande wa bwana harusi walikuja kutoka Ilagala kuzungumza mahari ya binti wa shangazi. Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli. Tukiwa sebuleni kwa shangazi, mtaa wa Kasingirima, tone likaachia darini likatua ndani ya kikombe cha mshenga wao. Huyo mshenga ndiye msemaji wa familia ya mwanamume, mtu wa maneno, na kwa kazi ni fundi wa kuezeka. Akatazama kikombe, akatazama dari, akasema, "Sisi watu wa Ilagala maji tunayafuata ziwani. Kumbe wenzetu yanawafuata sebuleni."

Watu walicheka. Nilihesabu waliocheka, kumi na mmoja. Nikarudia, kumi na mmoja, na mimi nimo. Shangazi hakuwemo.

Walipoondoka akasema mahari ni sawa, kijana ni mzuri, ila harusini hao watu hawatakaa chini ya bati lenye kutu. Akanunua mabati arobaini na nane, mekundu, ya msauzi, yale ya migongo mipana. Niliyahesabu yakipakiwa, nikayahesabu yakishushwa. Kazi akampa nani? Mshenga yule yule. "Tundu kaliona mwenyewe," alisema, "apande alizibe mwenyewe." Tena jamaa alikuwa amejipendekeza kwa bei ya ukwe.

Mshenga akashauri paa la kisasa: ukuta unapandishwa kuzunguka nyumba nzima, mabati yanalala ndani yake, nyumba inakaa kama boksi. Mtindo wa mjini, alisema. Siku ya nne akamaliza, akaondoka na ngazi yake na mzigo wa turubai aliosema ni mabati ya zamani. Shangazi akatoka barabarani kulitazama paa. Akarudi nyuma hatua. Akarudi tena, mpaka mgongo ukagonga genge la nyanya la jirani. Hakuona hata bati moja.

"Hivi hili paa," akaniuliza, "nimewaezekea malaika?"

Mimi kazi yangu ni kupiga video za harusi, naishi Gungu. Kwa hiyo ulikuwa mzigo wangu. Wakwe wataona paa kwenye video ya harusi, akaamua, na video itapigwa kutoka juu. Mchango wake wa kununua chombo ulikuwa baraka zake.

Nikaenda Mwanga, hapa hapa Kigoma, kwenye duka la simu. Muuzaji alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya duka lisilo na dirisha.

"Bro, chukua hii kubwa. Inafika kilomita kumi."

"Sheria inataka niione kwa macho yangu muda wote. Macho yangu yanaishia pale kwenye mnara. Toa hela ya kilomita tisa na nusu."

"Inapanda mpaka mawinguni."

"Kimo kina mwisho wake, kimeandikwa. Toa hela ya mawingu."

"Usiku inaona vizuri..."

"Usiku sirushi. Toa."

"Ukiiambia inamfuata mtu, popote anapokwenda inamning'inia kichwani."

"Juu ya vichwa vya watu ndiyo hairuhusiwi kabisa. Toa."

Akavua miwani. "Sasa mzee, ukitoa vyote hivyo kunabaki nini?"

"Kunabaki ile ndogo pale pembeni. Hiyo bei gani?"

Ile ndogo ilikuwa inakunjwa miguu kama panzi na kuingia mfukoni. Niliitaka hasa kwa uzito wake, maana uzito ukipanda na masharti yanapanda. Boksi lilitaja uzito wake. Mimi na maboksi hatuaminiani, nikaomba kuvuka nayo barabara hadi kwa mama anayeuza dagaa, nikaiweka kwenye mizani yake. Ikazidi. Nikaitoa, nikairudisha, ikazidi tena. Kumbe boksi limepima bila betri.

"Hao wana afadhali," alisema mama dagaa. "Mimi kuna wanaonipimia na mchanga."

Muuzaji akanipunguzia, si kwa kupenda. Nikaondoka na betri tatu na mapangaboi manne ya akiba, nimeyahesabu mara mbili yeye akinishikia mlango.

Kuinunua ilikuwa sehemu rahisi. Kifaa chenye uzito wa samaki mgebuka wa kukausha kinahitaji makaratasi ya kubebwa kwa kikapu. Kuna kuisajili, kuna barua ya mtaa, kuna kuomba kibali kwa wakubwa ambao lazima wajue nani anarusha nini, wapi, na kwa nini. Siwalaumu sana. Kigoma tuna uwanja wa ndege, tuna bandari, na ng'ambo ya maji ni nchi nyingine. Nilichoshindwa ni kujaza pale palipoandikwa "madhumuni." Niliandika, nikafuta, mwishowe nikaweka ukweli: kuonyesha paa kwa wakwe. Nadhani ndiyo maana kibali kilitoka.

Kilitoka na masharti. Kiwanja cha shangazi tu, mwisho ukutani kwa jirani. Alhamisi tu, asubuhi tu. Na kusiwe na mtu chini yake.

"Harusi ni Jumamosi," shangazi alisema.

"Jumamosi kuna mkusanyiko, shangazi. Juu ya mkusanyiko hairuhusiwi. Ndiyo maana niliomba Alhamisi."

"Kwa hiyo serikali imekuruhusu upige picha ya harusi isiyo na watu?"

"Ndiyo."

"Haya. Angalau hawatakula."

Alhamisi asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, upepo bado. Uani kulikuwa na wanawake wanaochambua mchele kwa ajili ya Jumamosi. Nilihesabu kumi na wanne. Nikawaomba wahamie kwa jirani kwa dakika ishirini, wakahama na nyungo zao na maoni yao. Nilihesabu waliotoka: kumi na watatu. Nikarudia. Nikaingia kutafuta, nikamkuta mama mkubwa amekaa nyuma ya pipa la mawese anamenya vitunguu.

"Wewe rusha tu," aliniambia. "Mimi nimezaa saba, hako kadudu kataniua?"

"Si kadudu, mama. Ni kibali."

Akaondoka akininung'unikia na kisu mkononi. Nikairusha.

Shangazi alikuwa pembeni yangu, amevaa kanga mpya kana kwamba yeye ndiye anayepigwa. Kwenye kioo cha simu ukuta ulishuka, tukaanza kuona ndani ya boksi. Ukingo mwekundu ukatokea, unang'aa. Shangazi akapiga kigelegele kimoja. Hakukimaliza. Katikati, kuanzia usawa wa sebule mpaka chumba cha nyuma, kulikuwa na rangi ya kahawia. Yalikuwa mabati yake ya zamani, yamegeuzwa tumbo juu na kupigiliwa misumari upya. Mekundu yalikuwa yamezunguka pembezoni kama urembo wa kitambaa cha meza. Na hakuna aliyejua, kwa sababu mvua haikuwa imenyesha tangu siku fundi aliposhuka.

Nikahesabu mekundu. Thelathini na moja. Nikateremsha droni kidogo, nikahesabu tena. Thelathini na moja.

"Kumi na saba hayapo," nilisema.

Shangazi hakulia wala kutukana. Mshenga alikuwa amemcheka kwa tundu moja, halafu akamjengea ukuta wa kuficha matundu mengine, kwa hela yake mwenyewe. Keshokutwa yeye ndiye angesimama mbele ya watu kusema kwa niaba ya ukoo.

"Irushe mpaka Ilagala," aliniambia. "Tukaone nani ana banda jekundu."

"Kibali kinaishia ukutani kwa jirani, shangazi."

"Nimesikia. Basi yatakuja yenyewe. Nitumie hiyo picha."

Nikamtumia. Naye akamtumia mshenga, na chini yake akaandika maneno mawili tu: "Mwakeye, mshenga." Salamu ya kwetu ya asubuhi, ya heshima kabisa. Alama mbili za bluu zikatokea hapo hapo.

Ijumaa mchana tukasikia nyimbo kutoka upande wa mwaloni. Wakwe walikuwa wameshuka kwenye boti siku moja kabla ya harusi, kama walivyopanga, na walikuwa wanapanda barabara kwa vigelegele. Kichwani wamebeba mabati mekundu. Kumbe mshenga aliyapakia kwenye boti, na alipoulizwa ni ya nini, ulimi uliokuwa hodari masika ulimganda. Wenzake wakajijibu wenyewe: zawadi ya mama wa bibi harusi. Wakashangilia mshenga wao njia nzima. Yeye alikuwa nyuma kabisa, amebeba ngazi.

Niliyahesabu getini. Kumi na saba. Sikuona haja ya kurudia, lakini nilirudia.

Shangazi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru ukoo mzima, akawapa viti uani, wote wakiangalia nyumba. "Mshenga," akasema kwa sauti tamu, "zawadi haikai chini. Panda uipange. Na sisi wazee macho hayafiki huko, uwe unatuhesabia."

Akapanda. Ikawa anachomoa bati bovu, analitupa chini, anavuta jipya, anasema, "Moja." Wakwe wanaitikia, "Moja!" na kupiga makofi. Walifika la nne. Bibi mzaa baba wa bwana harusi, mzee mwenye mkongojo, akanyoosha mkono akapapasa bati lililokuwa linasubiri zamu yake.

"Hii zawadi mbona ina matundu ya misumari?"

Makofi yakakatika. Bibi akatazama yale mabovu chini, akatazama mapya, akatazama juu. Nikamwona anahesabu.

"Wewe," akaita, "lile banda lako la mbuzi lililokuwa jekundu mwezi uliopita, leo lina rangi gani?"

Baba wa bwana harusi akainama kutazama viatu vyake. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti nyembamba, na waliobaki wakafuata. Nilihesabu, kama kawaida yangu: ishirini na wawili. Safari hii shangazi alikuwemo.

"Endelea, baba," alimwambia aliye juu. "Sasa ni la tano."

Alihesabu mpaka kumi na saba. Jumamosi msemaji wa ukoo alikuwa yule bibi wa mkongojo, na harusi ikafungwa vizuri.

Paa zima, lenye mabati arobaini na nane, halina picha. Kibali kilikwisha Alhamisi. Ile picha ya kahawia katikati haikuingia kwenye video. Shangazi aliichapisha kubwa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni mkabala na kiti cha wageni. Mshenga akija kusalimia anakalishwa pale pale, na kikombe chake hakina tone la kigeni.

Shangazi amesema itashuka siku itakapopatikana picha mpya kutoka juu. Kwa hiyo mshenga hunipigia simu kila mwezi.

"Mkwe, kibali kimetoka?"

"Bado, mshenga. Unajua taratibu zilivyo ndefu."

Na ni ndefu kweli, sijamdanganya. Sijamwambia tu kwamba barua ya kuomba sijaiandika.