Petroli Yenye Subira ya Mzee Ambilikile

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Iringa mjini, sikukabidhiwa spana wala bisibisi. Bwana Meneja alinisimamisha mbele ya injini inayounguruma, akaniambia nifumbe macho. "Unasikia nini?" Nikasema nasikia gari. Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha nati. "Gari hata mbuzi anasikia," akasema Bwana Meneja. "Mimi nataka usikie kilichomo ndani yake." Nilikasirika, maana mimi ni Mhehe na sipendi kulinganishwa na mbuzi, lakini nilibaki pale macho nimefumba mpaka milio ikaanza kuachana: mkanda wa feni ukilia, vali zikichezacheza, na chini kabisa mlio mkavu, ti-ti-ti, kama mtu anagonga chupa kwa msumari. Huo wa mwisho ndio niliofukuzana nao maisha yangu yote ya kazi.

Ninyi mnaojaza mafuta huku mnaongea na simu hamuujui mlio huo, basi nieleze. Petroli inatakiwa iungue kwa mpango, pale plagi inaporusha cheche. Ikiwa hafifu, na gari liko mlimani na mzigo, ikibanwa na pistoni inalipuka ovyo, ndipo injini inagonga. Ule uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa wataalamu wanauita okteni. Sisi miaka hiyo ya hamsini tulisema tu kwamba petroli hii ina subira na ile haina. Super, ile ya bei ya juu, ilikuwa na subira. Ile ya kawaida, tuliyoipandisha kwa pampu ya mkono mpaka ionekane kwenye kioo juu ya pampu, haikuwa nayo.

Na wenye magari, jamani! Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Bwana mmoja wa mashamba ya tumbaku aliapa kwamba bila super hatoki Iringa, ingawa gari lake lilikuwa na injini ya kizamani ambayo ingekunywa hata togwa. Padri mmoja hakubadilisha oili mpaka ainuse. Mwenye lori la mpunga wa Ubaruku alitumbukiza vidonge vya naftalini tangini, vile vya kufukuzia nondo, akidai vinaongeza maili kwa kila galoni. Ukimpinga, anakuuliza wewe una lori ngapi. Nilikuwa mkali wa maneno enzi hizo, na mara mbili nusura nifukuzwe kwa kubishana na wateja.

Nadhani ndiyo sababu nilihamishiwa Mbeya. Huko mkubwa wangu alikuwa Fundi Mkuu, Mbena mwembamba, mpole, asiyejua haraka ni kitu gani. Alinipokea kwa "Kamwene", salamu yetu, na uji wa moto, kwa kuwa baridi ya Mbeya asubuhi ilikuwa inauma mpaka spana zinang'ata vidole. Akaniambia: "Kalinga, hapa tuko juu sana. Hewa ni nyepesi, injini haibanwi sana, kwa hiyo hata petroli ya kawaida inajitahidi. Mwenye gari wa Mbeya atakwambia super ni ujinga, na hapa mjini anasema kweli. Usimbishie. Mngoje ateremke bondeni, kisha apande tena na mzigo. Atarudi mwenyewe."

Mbishi kuliko wote alikuwa Mzee Ambilikile, Mnyakyusa wa Rungwe, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mwenye pikapu kuukuu aliyoipenda kama ng'ombe wa kwanza. Alikuwa na sheria zake. Petroli ni ya kawaida, basi. Mteremkoni unazima injini, gari linateremka bure. Mlimani unang'ang'ania gia kubwa mpaka gari litetemeke, kwa sababu gia ndogo inakula mafuta. Kwa mwendo huo pikapu yake iligonga tangu Kiwira mpaka Isongole, tulikuwa tunamsikia akiingia mjini kabla hatujamwona.

"Mzee, gari lako linabisha hodi," Fundi Mkuu alikuwa anamtania.

"Likaribishe basi! Petroli ni petroli. Hiyo super yenu ni maji yaliyopakwa rangi."

Mimi nilikuwa namjibu, naye ananijibu, tunapandishiana mpaka wapita njia wanasimama. Kumbe nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Siku asipokuja, gereji inapoa.

Basi asubuhi moja akaja, akaegesha, akashuka taratibu. Nikashika mpini wa pampu. Akasema, "Leo weka super."

Niliuacha mpini. "Mzee, unaumwa?"

"Weka super. Na hii gari, mwanangu, nataka isigonge. Isigonge hata kidogo."

Fundi Mkuu akatoka chini ya lori, akajifuta mikono, akamwekea boksi akae. Hakumuuliza kitu. Mzee alikaa ameinamia kofia yake, kisha akasema mwenyewe.

Mwanawe, Lugano, alikuwa migodini huko kusini. Mke wa Lugano alikuwa mjamzito, mimba ya pili. Ya kwanza uchungu ulimshika nyumbani na mtoto akakaa vibaya, ikatakiwa afikishwe haraka hospitali kubwa ya Mbeya. Hapa nifafanue kwa msiojua mila za Wanyakyusa wa wakati ule. Mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Binti hamtazami mzee usoni, hamsemeshi, hataji jina lake, na akimwona njiani anakimbilia vichakani. Kupanda naye gari moja ilikuwa aibu isiyosemeka, kwa mzee na kwa binti pia. Kwa hiyo usiku ule Mzee Ambilikile aliacha gari lake, akaenda kwa miguu kutafuta dereva mwingine. Aliporudi na dereva, mtoto alikwisha kufa.

"Nilikuwa na gari uani, mwanangu," akaniambia, mimi, mbishi mwenzake. "Gari nzima. Uani."

Nilitaka ardhi ipasuke.

Safari hii mkunga wa zahanati alikuwa amesema mapema kwamba binti asingoje uchungu, apelekwe Mbeya kabla. Madereva wa malori mzee hakuwataka, wanakimbia kama wanafukuzwa. Alikuwa amemwahidi Lugano kwamba atamtunza mkewe, na alitaka kumbeba mwenyewe. Wakakaa mzee na mkewe, Mama Lugano, wakapata njia: nyuma ya pikapu kujengwe kibanda cha mbao, pazia mlangoni, ukuta mzima kati yake na dereva. Binti akae humo na mama mkwe. Mzee hataona kitu, na heshima itabaki. Lakini binti hawezi kumwita baba mkwe, na hata Mama Lugano akipiga kelele, sauti inamezwa na injini na barabara ya mawe. Wakapatana binti agonge ukuta. Mara moja, simama. Mara mbili, twende.

"Sasa hii gari inagonga yenyewe njia nzima," akasema mzee. "Nitajuaje ni yeye?"

Fundi Mkuu akainuka, akafungua boneti. "Kalinga," akasema, "lete spana."

Tulifungua kichwa cha injini na kukwangua masizi yote juu ya pistoni, maana masizi yakiwaka moto yanaikosesha petroli subira. Tukasaga vali, tukabadilisha plagi, tukasafisha platini, ile midomo miwili midogo inayofunga na kufungua umeme wa cheche. Tukarudisha nyuma kidogo wakati wa cheche. Kisha tukageukia bodi: kila bati lililocheza lilikazwa, tukajenga kibanda, na kila mbao yake tuliiwekea vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili isilie. Bwana Meneja wa Mbeya, Mzungu mwenye haraka, akaja kuuliza kwa nini pikapu hii bado haijatoka.

"Mwambieni mzee gari si kitanda cha hospitali," akasema.

Fundi Mkuu akamweleza yote, taratibu kama kawaida yake. Bwana Meneja akasikiliza, akakuna shingo. Akanigeukia: "Wewe ndiye mwenye masikio. Nenda naye. Ukirudi uniambie ilikuwaje."

Nikaenda Rungwe. Asubuhi ya safari mzee alisimama nyuma ya migomba, ametupa mgongo, hata mimi nikaambiwa nitazame mlima. Tukasikia hatua, tukasikia pazia. Ko, ko. Tukaingia, tukaondoka. Sikumwona yule binti, na mpaka leo nisingemtambua.

Mzee aliendesha shingo ameinyoosha. Kupanda kuelekea Isongole gari likaanza kulemewa, mkono wake umetulia pale pale kwenye gia kubwa kwa mazoea. Nikasema pole pole, sikutaka ugomvi, "Baba, punguza gia. Ukiilazimisha itagonga, hata kwa super."

Akapunguza hapo hapo. "Ile petroli na iliwe," akasema. "Leo iliwe yote."

Injini ikapanda bila kugonga. Nilisikia kila kitu ndani yake na hakukuwa na ti-ti-ti. Halafu, ko. Mzee akanitazama, macho yamemtoka. "Ni gari?"

"Si gari, baba. Ni wao."

Akasimamisha, akashuka, akatembea mbele mbali kwenye ukungu, akasimama ametupa mgongo, kofia mkononi, manyunyu yanamlowesha kichwa. Nyuma yetu Mama Lugano alimshusha binti, akamtembeza, akamkanda mgongo. Nilimwona mzee kwa mbali midomo yake inacheza, anaomba. Ko, ko. Akarudi amelowa. Tukaenda, ukuta ukagongwa tena, tukasimama tena. Kila mara mzee aliniuliza kwa macho, nami nikamjibu. Tulipofika tambarare ya Uyole niliona amelowa jasho na baridi yote ile.

Binti alijifungua kesho yake, kwa shida, lakini alijifungua. Mzee hakutoka langoni pa hospitali. Mimi nilikuwa nimempelekea chai pale muuguzi alipotoka kusema ni mtoto wa kike, mzima. "Na mama yake?" akauliza. Mzima. Mzee akaniomba kitambaa, akaanza kufuta kioo cha gari. Kilikuwa safi. Akakifuta tu, akalia, na mimi nikalia, wala sioni haya kusema.

Baada ya hapo nimefanya kazi kwa wakubwa wengi. Nilirudi Iringa nikawa Fundi Mkuu mwenyewe, nikakaripia vijana wengi, na wengine walinishinda ufundi. Nilistaafu masikio yangu yakiwa bado mazima, magari ndiyo yalikuwa yamenyamaza. Siku hizi mashine inasikiliza yenyewe na kurekebisha cheche yenyewe, wala siilaumu. Watu wakija kuniamkia bado wananiuliza petroli ipi nzuri. Nawaambia wasome kitabu cha gari lao, wabadilishe oili kwa wakati, wasing'ang'anie gia kubwa mlimani. Wanaondoka wamevunjika moyo, walitaka siri. Ninachokikumbuka mimi wakiuliza hivyo ni ile siku mzee na binti wanarudi Rungwe.

Walipita gereji kwanza, mtoto na mama yake kibandani, Mama Lugano pamoja nao. Nikashika mpini wa pampu. "Ya kawaida sasa, mzee?" nikamchokoza. "Binti ameshapona."

"Super," akasema. "Mtoto hajazoea kelele."

Fundi Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Nikajaza, nikafunga. Mzee akawasha, injini ikatulia kimya kama tulivyoiacha. Ndipo ukuta ukagongwa nyuma ya kichwa chake. Ko. Ko. Ko.

Mzee akashika usukani kwa mikono yote miwili. Hakuweza kugeuka. "Kalinga, ni tatu. Tatu hatukupatana. Nenda ukaulize, nenda!"

Nikakimbia nyuma, nikasimama upande, nimetazama chini. "Mama, kuna nini? Baba anaogopa."

Kukawa na mnong'ono, kisha Mama Lugano akaongea nyuma ya pazia. "Mwambie mwenye gari asiogope. Mkwe wake hana ruhusa ya kusema naye. Anasema ndaga."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa. Nikarudi, nikamwambia. Mzee Ambilikile akapeleka mkono nyuma bila kugeuza kichwa, akakunja kidole, akagonga ubao mara tatu, pole pole sana.

Mle kibandani mtoto akashtuka, akaanza kulia. Mzee akazima injini, apate kumsikia vizuri.