Kulabu ya Josphat ilivutika

Bado siamini. Si kifo cha Josphat, mtu wa miaka tisini hafi kwa kushtukiza. Nisichoamini ni ile eulogy mliyosoma jana kwa mazishi Kabazi, ati fundi ambaye hakuwahi kuharibu kazi hata moja.

Watoto wake nawapa pole. Nimewatag ili msije mkasema hamkuona.

Mimi na baba yenu tulifanya kazi workshop moja hapa Nakuru miaka ya hamsini. Mzungu mwenye workshop alikuwa ametengeneza injini za ndege wakati wa vita. Mlango wa tanuri letu ulining'inia kwa kulabu mbili za nikeli, kwa sababu chuma cha kawaida kililegea kwa ule moto.

Alitufundisha mpaka akachoka. Nikeli hii ukiipasha ikawa njano halafu uipoze haraka, inakuwa laini. Ugumu unakuja baadaye, ukiirudisha kwa moto wa wastani saa kumi na sita, chembe ndogo zikiota ndani yake na kuishikilia isivutike.

Sasa Josphat alitoka kwa wahunzi. Kwao jembe lilipashwa likawa jekundu, likatumbukizwa majini, likawa gumu, basi. Saa kumi na sita aliziona ni za wavivu.

Kulabu moja ilichakaa, tukachonga mpya. Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yake na kulikuwa na mpira. Akaitoa kwa tanuri saa nane mchana, haijafika hata nusu ya muda, akaipasha kwa mkaa mpaka njano, akaizamisha kwa ndoo. Nilimwambia hiyo itavutika.

"Chuma ni chuma, Kamau. Wacha kusoma sana."

Wiki ya pili niliona imerefuka upana wa kidole. Nikanyamaza, nikitaka imwaibishe mbele ya mzungu. Hilo ni langu na nalibeba.

Ilikatika Jumatano. Mlango ukamvunja mzungu mguu.

Askari walipouliza ni nani aliyetengeneza kulabu, baba yenu alininyooshea kidole. "Ni Kamau. Amefanya makusudi."

Ilikuwa wakati wa Emergency, ya Mau Mau, na mtu wa jina la Kikikuyu kama langu hakuulizwa mara ya pili. Nilikaa kizuizini Manyani miaka mitatu. Mama alizikwa mimi sipo.

Yeye akafanywa foreman.

Mwezi uliopita aliniita hospitalini. Alikuwa amekonda, mkono wote mifupa. Akatoa ile kulabu chini ya mto. Alikuwa ameificha miaka yote hiyo, nyinyi mkizaliwa na kusomeshwa juu yake. Akaomba nimsamehe.

Nikamwambia nitamsamehe akiyasema hayo mbele yenu. Mlikuwa hapo nje tu, mnakunywa chai. Akageukia ukuta. Nikachukua kulabu nikaenda zangu.

Pastor anasema marehemu hasemwi vibaya. Pastor hakulala Manyani.

Jana wakati wa kutazama mwili mliniona nimemwinamia, mmoja wenu akanishika bega akidhani nalia. Nilikuwa namtilia kulabu mfukoni mwa koti.

Haya Josphat, watoto nimewaambia kwa niaba yako. Kazi yako unayo hapo, upande wa moyo. Lala nayo.