Meza Aliyonyimwa Mama

Mama yangu alitengwa na usharika kwa sababu ya ulanzi, pombe ya mianzi. Aligema mianzi yake nyuma ya nyumba, hapo Lyamkena, kama alivyogema mama yake, na ulanzi huo ndio uliotusomesha. Wazee wa kanisa walisema Mkristo hagemi. Hao hao, mvua zikianza, walipitia mlango wa uani kuuonja. Nyani haoni kundule!

Miaka ikaenda. Mama akaugua, miguu ikaisha nguvu, mianzi akaiacha. Akabaki na hamu moja tu: ale Chakula cha Bwana kabla hajafa. Nikamfuata mzee wa kanisa.

"Aje asimame mbele ya usharika, atubu," akanijibu.

"Asimame kwa miguu ipi, baba?"

"Utaratibu ni utaratibu."

Haya. Jumapili mimi na kaka yangu tukambeba kwenye kiti cha plastiki, tumemfunika blanketi, baridi inauma. Mchungaji alihubiri vizuri, sikatai. Mtu anahesabiwa haki kwa imani, akasema, si kwa matendo ya sheria. Watu wakaitikia amina. Mama aliitikia kuliko wote, machozi yanamtoka. Masikini, alidhani anaambiwa yeye.

Zamu yake ya kutubu ikafika. "Simama, mama," mzee wa kanisa akamwambia. Tukamshika makwapani, tukamwinua, akaanguka tena kitini. Mzee akamtazama mchungaji. Mchungaji akaitazama Biblia yake.

"Basi tusubiri apate nafuu," akasema.

Apate nafuu! Jamani, mtu anayekufa!

Njiani nilitukana, sifichi. Mama akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Yesu hajaniambia nisimame."

Alikufa wiki hiyo hiyo, hajakula. Kengele haikupigwa wala mchungaji hakuja, maana aliyetengwa hazikwi na kanisa. Kaka alisoma neno. Mimi nikaanzisha wimbo, majirani wakaupokea. Wazee wa kanisa walikuwa ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, wanatuangalia. Hakuna aliyevuka.

Tukafukia. Akina mama wakaanza kupakua wali. Hapo ndipo wazee walipovuka. Wakanawa mikono, wakaketi kwenye mikeka yetu, wakala. Yule aliyemwambia mama asimame akaninyooshea sahani, akaniomba nimwongezee nyama. Nikamwongezea, naye akanibariki.