Mjukuu Wangu Anajifunza Kubisha

Mjukuu wangu alikuwa anaomba ufadhili akasome digrii ya pili ya siasa. Mimi shule sijaingia, nikamuuliza, "Siasa nayo inasomewa? Mbona mwenyekiti wetu wa mtaa hajasoma na anashinda anaiongea?" Akacheka. Anataka kuchunguza kwa nini kwenye mikutano ya mtaa wanawake tunajaa, halafu hatusemi kitu.

Mwaka jana alifika mpaka intavyuu, ile ya kwenye kompyuta, wakamwacha. Walimwambia majibu yako mazuri, ila mtu akikupinga kidogo tu unakubali. Sasa angefanyaje? Nimemlea mwenyewe hapa Ipogolo: mkubwa akiongea, unapiga goti, unaangalia chini.

Mwaka huu wakamwita tena. Akaacha duka lake la vitenge kule Mwanjelwa, akapanda basi kuja kwangu kujiandaa.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kaa kwenye kiti. Leo waulizaji wote ni mimi."

Nikaanza na mwenyekiti. Nikatokeza tumbo, nikakohoa. "Binti, wanawake hawaongei kwa sababu wameridhika. Au siyo?"

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Umeshafeli. Rudia."

Nikageuka mchungaji, sauti ya puani. "Mwanangu mpeeendwa, kuna haja gani ya kuchunguza jambo hiliii?"

Akainama. Nikamnyanyua kidevu kwa mwiko. Huyu mtoto anawaheshimu watu hata nikiwaiga. Basi nikajiiga mwenyewe, na mkono kiunoni: "Mimi bibi yako nasema, mwanamke kunyamaza ndiyo adabu."

 Akanitazama usoni.

"Hapana, bibi. Juzi mkutanoni wamepanga bomba la maji likae kilabuni, kwa wanywa pombe. Wanaochota ni ninyi. Wewe ulikaa mstari wa mbele. Kwa nini hukusema?"

Nikashusha mkono kiunoni.

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Kawajibu hivyo hivyo."

Siku yenyewe alijifungia chumbani kwangu na kompyuta, mimi nikakaa nje ya mlango, namenya viazi. Kiingereza sijui, ila sauti nazijua. Mwanamume mmoja akaongea, sauti ikashuka kama ya mtu anayefunga mkutano.  Kisu nikakishika tu. Kisha nikamsikia wangu: "Nou." Hiyo hata mimi naielewa. Akaendelea kuongea, taratibu, bila kutetemeka. Yule mwanamume akacheka kidogo, akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

Wamempa ufadhili. Sasa hata chumvi ya mboga tunabishana, ananiuliza nina ushahidi gani. Akishaondoka sijui nitabishana na nani. Labda kuku.