Bibi yangu alikuja shuleni kumzika mwalimu wa Physics akiwa hai, kisa gravity

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, kipindi cha Physics, Form Three.

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu mambo vipi. Hiki kisa nilikiandika kwanza kwenye diary yangu, nikakisoma peke yangu nikicheka chini ya shuka, mwisho nikaona siwezi kukaa nacho. Sijaongeza chumvi. Chumvi yote humu ni ya Bibi yangu, mimi nimepakua tu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni msichana wa hapa Tabora mjini, tunakaa Kitete. Naona aibu kupita kiasi. Darasani nikiitwa jina kwenye mahudhurio huwa naitikia kwa sauti ya mbu, mpaka monita ananiitikia yeye.

Lakini Physics naipenda. Naipenda kimyakimya, kama ninavyopenda vitu vyote.

Sasa siku hiyo mwalimu wetu, Mwalimu Kondo, alikuwa anafundisha gravity. Huyu ni Mzaramo wa Kisarawe, mnene kiasi, mcheshi, anaandika ubaoni huku anaimba.

Akatuambia kila kitu chenye mass kina field yake, eneo la mvuto limekizunguka, huwezi kuliona wala kulisikia ila limo. Dunia inakuvuta wewe, na wewe unaivuta dunia kwa nguvu ileile.

Akaninyooshea chaki. "Hata Kabula pale nyuma, asiyeongea, muda huu anaivuta dunia nzima. Mwogopeni."

Wakacheka. Mimi nikainama nikajifanya natafuta kalamu. Ila moyoni, wakuu, nilifurahi sana. Yaani mimi naivuta dunia?

Ndipo akafika kwenye work, yaani kazi kwa lugha ya Physics.

"Gravity inavuta upande mmoja tu, chini. Ukibeba mzigo kichwani ukatembea tambarare, mzigo haujapanda, haujashuka. Basi kazi uliyofanya dhidi ya gravity ni zero."

Akaweka chaki chini, akatuangalia kwa furaha mbaya.

"Kwa hiyo ninyi Wanyamwezi, babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakafika kwetu Uzaramo wanahema, wanaomba maji, wanajisifu. Kumbe kisayansi walifanya nini?"

Darasa zima: "ZEROOO!"

Tukacheka hadi kengele. Kabla hatujatoka akasema jambo lililonikata maini. Kesho, Ijumaa, kila anayetaka kubaki kwenye mchepuo wa sayansi atasimama mbele na kueleza jambo moja la gravity kwa mdomo wake. Hakuna kuandika, hakuna kusoma. Asiyeongea, aende Arts.

Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia.

Nyumbani alikuwepo Bibi, mama yake baba. Anaishi Isikizya, alikuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho. Nikamkuta ukumbini anamenya karanga. Kwa Bibi huwa naongea, sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye haoni vizuri, basi najiona sionekani.

Nikasema ngoja nifanye mazoezi kwake. Nikamweleza gravity yote. Akawa anaitikia "ehee, ehee" huku anamenya. Nikafika kwenye zero na wapagazi wa Bagamoyo.

Karanga zikasimama.

"Nani kasema hivyo?"

"Mwalimu."

"Kabila gani?"

"Mzaramo, Bibi."

"Mzaramo! Kwa mdomo wake? Babu yangu mimi, aliyekwenda Pwani na kurudi bega limeota sugu kama kisigino, ni sifuri?"

"Bibi, ni Physics tu..."

"Kesho anafundisha saa ngapi huyo?"

Wakuu, mimi nimekulia mjini. Utani nilikuwa nausikia kwa juujuu tu, kwamba Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo. Sikujua unafanyikaje ukishika moto. Mimi nilichoona ni Bibi amekasirika na kesho anakuja kupigana na mwalimu siku ileile ninayotakiwa kuongea.

Nikadanganya.

"Kesho hayupo, Bibi. Anaumwa."

"Anaumwa sana?"

Mtu asiyezoea uongo hajui pa kuishia. Nikasema, "Sana. Hata kuamka haamki."

Halafu, kitu ambacho sikukielewa, Bibi akatabasamu. Akaendelea kumenya karanga anaimba kidogokidogo kwa Kinyamwezi. Nikapiga hesabu ya wale wapagazi kwenye daftari, nikalala nikijipongeza.

Ijumaa ikafika. Wenzangu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mwingine akasema gravity ndiyo inafanya embe lidondoke, akakaa. Mwingine akarudia hilohilo la embe. Mwalimu Kondo akasema, "Tabora mna maembe mengi, nimeelewa, endeleeni."

Zamu yangu ikawa inakaribia. Nilikuwa nimechagua sentensi moja tu ya kusema, nairudia, na kila nikiirudia inapungua neno.

Ndipo tukasikia kilio kutoka getini.

"Uwiiii! Mzaramo wanguuu! Umeniacha na naniii!"

Nilimjua kabla sijamwona.

Bibi alikuwa anakatiza uwanja, kanga kajifunga kiunoni, nyingine kichwani, mkono mmoja juu ya utosi kama mfiwa wa karibu. Mlinzi wa geti anamfuata nyuma kavua kofia kabisa, uso umejaa huzuni.

Mkuu wa shule, mama mmoja mkali anayeogopwa na hata walimu, akatoka ofisini mbio.

"Mama, pole. Nani amefariki?"

"Mwalimu wenu wa Kizaramo! Mjukuu wangu ndiye kaleta habari jana, mtu hata kuamka haamki. Nimekuja kumzika mtani wangu. Jeneza liko wapi?"

Darasa zima likageuka kuniangalia mimi. Mkuu wa shule naye akaangalia dirishani kwetu, na pale dirishani alikuwa amesimama Mwalimu Kondo, ana chaki mkononi, mzima wa afya.

Bibi akasogea dirishani, akakodoa macho, akamwona. Akaacha kulia ghafla.

"Ala! Maiti imesimama! Mzaramo wewe, hata kufa hujui?"

Nikasema moyoni, basi. Physics imeisha. Shule imeisha. Nitahamia Igunga nikachunge ng'ombe.

Wakuu, Mwalimu Kondo akamwangalia yule bibi kizee. Akaangalia kanga zake. Uso ukamfunguka kama mtoto aliyeletewa pipi. Akaweka chaki mezani taratibu, akajilaza kwenye benchi la mbele, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Msichana mmoja akapiga yowe, alidhani kazimia kweli. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilijua nimeua mwalimu kwa mdomo wangu.

Bibi akaingia darasani, akainama akamkagua.

"Mh. Hata akifa ni mnene. Haya, vijana wa Kinyamwezi mko wapi? Mbebeni. Si mwenyewe alisema kubeba ni kazi sifuri? Mtachokea wapi?"

Nikamtazama mkuu wa shule nikitegemea atazuia. Alikuwa ameegemea mlango, kaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtetemeka. Baadaye ndio nikajua na yeye ni Mnyamwezi.

Wavulana wanne wakanyanyua benchi na maiti yake hadi mabegani. Tukatoka nje, shule nzima ikatoka. Bibi mbele anaomboleza: "Alikuwa mlafi huyu! Nazi zote za Kisarawe kamaliza yeye!" Maiti juu ya benchi inajibu bila kufumbua macho: "Na ninyi asali mnaila pamoja na nyuki!"

Walipozunguka mlingoti wa bendera, wavulana walianza kulegea. Monita, aliyekuwa mbele kushoto, jasho linamdondoka.

"Sir, tunakushusha."

"Hapana," maiti ikasema. "Kwanza mtu aeleze hapa. Mmenibeba, mnatembea tambarare, nimesema kazi dhidi ya gravity ni zero. Mbona mnatoka jasho?"

"Kwa sababu umekula, sir!"

"Jibu la Arts hilo. Mwingine?"

Benchi likayumba. Bibi akasema, "Nani atanisemea babu yangu? Au tumekubali kuwa sifuri?"

Na mimi nilikuwa najua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa najua tangu usiku, nilikuwa nalo lote kichwani, na walikuwa wanatafuta mtu wa kusema.

Nikasikia sauti inasema, "Sir, mimi." Ilikuwa yangu. Ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga, mpaka mlinzi akageuka.

"Gravity inamvuta sir chini kwa karibu newton mia nane. Mabega yanamsukuma juu kwa kiasi hichohicho, ndiyo maana haanguki. Wakitembea tambarare hapandi wala hashuki, kwa hiyo ni kweli, hakuna kazi dhidi ya gravity. Jasho linatoka kwa sababu misuli inajikaza na kulegea muda wote, inachoma chakula. Nguvu zinaisha ila haziingii kwenye mzigo."

"Umeona?" maiti ikasema. "Zero!"

"Bado sijamaliza, sir."

Wakuu, sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Mimi! Kumwambia mwalimu!

"Walipokunyanyua kutoka chini hadi mabegani, hapo walifanya kazi. Na kazi dhidi ya gravity inaangalia tofauti ya kimo tu, unapoanzia na unapofikia. Vilima vya katikati vinajifuta, unapanda na kushuka. Sasa Bagamoyo iko usawa wa bahari. Tabora iko juu zaidi ya mita elfu moja, tumesoma kwenye Geography. Wanyamwezi wakienda Pwani, mzigo ulikuwa unashuka, gravity ikawa upande wao. Lakini wakirudi na majora ya nguo kichwani, kila jora lilipandishwa mita elfu na zaidi. Hiyo siyo zero hata ukipiga hesabu umelala."

Uwanja ukalipuka. Bibi akapiga vigelegele mpaka kanga ya kichwani ikadondoka.

"Umesikia, Mzaramo? Sema! Sema Mnyamwezi alifanya kazi!"

"Alifanya wakati wa kurudi tu."

"Vijana, mwachieni."

"Alifanya! Alifanya! Bibi, alifanya!"

Benchi likainama upande wa monita, Mwalimu Kondo akateleza, akatua kwa miguu yote miwili huku shati limechomoka. Akajipangusa, akamwinamia Bibi kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, marehemu wangu."

Wakashikana mikono wakacheka mpaka wakashindwa kusimama. Halafu mwalimu akanigeukia. "Kabula, Arts wakikuulizia nitawaambia umekufa. Kesho kwenye masomo ya ziada ukae mbele."

Njiani kurudi nikamwomba Bibi msamaha kwa ule uongo. Akaniambia, "Mke mwenzangu, mtani akiumwa si ndiyo tunamfuata? Ungesema mzima ningemwacha mpaka wiki ijayo."

Nilichojifunza: wakuu, kujua kitu na kukaa nacho kimya kunachosha kama kubeba mzigo tambarare. Unatoka jasho wewe, na hakuna kilichopanda. Pia msidanganye kuhusu ugonjwa wa mtu kwa mzee aliye na watani.

Wenye elimu zao nirekebisheni nilipokosea hesabu, nitasoma comment zote. Wazaramo mliomo humu nawasubiri kwa hamu. Na wewe uliyekuwa na aibu kama mimi, tuambie ulifunguka mdomo siku gani.

Jumamosi asubuhi nikaenda masomo ya ziada, nikakaa benchi la mbele. Mwalimu Kondo akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono.

"Sir, kama dunia inauvuta mwezi, mbona hauanguki?"

"Unaanguka, tena sasa hivi unaanguka. Ila unaenda kwa kasi pembeni, kila ukianguka unaikosa dunia."

Akageuka aendelee kuandika. Nikanyoosha mkono tena.