Mamluki Wetu wa Kijamaika

Mpaka leo sielewi nilikuwa nawaza nini nilipoibeba kamera ya timu kwenda nayo Houston.

Timu ilikuwa ya chuo chetu kidogo karibu na Fort Worth. Mimi sikucheza. Nilipanda juu ya jukwaa la chuma kurekodi mechi, na kila Jumatatu nikachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta ili kocha awaonyeshe wachezaji makosa yao ukutani. Kwa hiyo beki wetu wa kati nilimfahamu kwanza kupitia kamera: Mjamaika mrefu, aliyehamia kwetu 2017 kutoka chuo cha miaka miwili. Mabeki wengine waliukimbilia mpira. Yeye alikwenda mahali akasimama, na mpira ukamfuata pale pale, kana kwamba walikuwa wamepatana.

Msimu wa 2018 ulikuwa wake wa mwisho. Kocha wa timu moja ya kulipwa alikuwa ameahidi kuja kumtazama Oktoba. Aliingoja Oktoba hiyo kama wengine wanavyongoja viza.

Mwanzoni mwa Septemba, Watanzania wa Dallas tulikuwa na bonanza na Wakenya wa Houston. Mabonanza yetu yana desturi yake: kila upande unatafuta mamluki, mchezaji wa kuazima asiye wa kwao, na kila upande unaapa hauna. Beki wetu wa Dallas, mhasibu wa Lewisville, akateguka kifundo cha mguu. Meneja, mama mmoja nesi tuliyemwita Shangazi, akanipigia simu.

"Yule rafiki yako wa chuoni yuko wapi?"

"Ni Mjamaika, Shangazi. Hajui neno hata moja la Kiswahili."

"Kwani anakaba kwa mdomo?"

Nilipomwomba Mjamaika, aliuliza tu kama kutakuwa na chakula.

Jumamosi, siku moja baada ya mechi ya chuo, tulikuwa kiwanjani Katy, nje kidogo ya Houston, jua likichoma hadi nyayo. Nahodha wa Wakenya alimzunguka mgeni wetu mara mbili.

"Buda huyu ni wa wapi? Aongee Kiswahili tusikie."

"Mwacheni mtoto wa dada yangu," Shangazi akasema bila kupepesa. "Ni bubu tangu azaliwe."

Dakika kumi hazijapita, bubu akamfokea kipa wetu atoke golini, kwa sauti iliyofika barabara kuu.

"Ameongea!" Wakenya waliangua kicheko. "Iteni pastor, huu ni muujiza!"

"Na yule Mnaijeria wenu kazaliwa Kisumu ipi?" Shangazi akajibu.

Basi mchezo ukaendelea. Mjamaika alicheza kama nisivyowahi kumwona akicheza, na bao letu la ushindi alilifunga yeye kwa kichwa. Akina mama wa pande zote walimpigia vigelegele. Shangazi alimfunga kanga kiunoni. Nilirekodi yote.

Jumatatu, wachezaji wote wakiwa wameketi, nilichomeka kadi nikafungua faili la juu. Ukutani hapakutokea mechi ya Ijumaa. Palitokea nyasi kavu za Katy, jezi za njano, na yeye angani. Nyuma ya picha vigelegele, na sauti yangu mwenyewe ikishangilia kama mwehu.

Vidole vyangu vilikataa kubonyeza. Mtu mmoja alicheka. Kocha alisoma tarehe pembeni mwa picha, akaisoma tena, akazima taa ya projekta kwa mkono wake.

Ndipo nilipoijua sheria. Mchezaji wa chuo akicheza mashindano ya nje muhula ukiwa umeanza, anafungiwa. Kocha alieleza polepole, bila hasira. Ilimbidi aripoti kwa wasimamizi wa ligi. Msimu wa Mjamaika ulikuwa umekwisha.

Nilimfuata hadi maegesho. "Nisamehe. Sikujua."

"Mimi nilijua," alisema. "Kila Agosti tunasaini karatasi yenye sheria hiyo."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Nilitaka kucheza mbele ya watu wanaopiga kelele. Kamera niliiona. Nikasema, anayeishika ni mtu wangu."

Akaingia kwenye gari. Hakuubamiza hata mlango.

Oktoba yule kocha wa timu ya kulipwa alikuja, maana hakuna aliyemwarifu kwamba beki amefungiwa. Alitazama robo saa, akaja chini ya jukwaa langu na daftari mkononi.

"Beki wenu Mjamaika hachezi leo. Ameumia?"

Sijui ni aibu gani iliyonishika. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ndiyo. Ameumia."

Akaandika, akashukuru, akaondoka. Alipofika getini ndipo nilipotambua nilichofanya. Beki mzima aliyefungiwa na chuo bado angeweza kuitwa majaribio. Beki aliyeumia, nani amwite?

Niliiacha kamera ikirekodi, nikashuka ngazi mbili mbili, nikakimbia. Gari lake lilikuwa limekwisha kuingia barabarani.